Tuliyoyaona kwa watoto, na majibu ya ujumbe mulioutuma

Maneno yaliyosemwa na wazee wawili, mume na mke, kwenye kikao kikuu cha Oktoba 2023. Yameandikwa hapa kwa ombi la komite.



Tutasema kwa mdomo mmoja sawa mulivyotuzoea. Yule kati yetu aliyekuwa mwalimu ndiye ameshika karatasi, na yule aliyekuwa mkunga amekaa hapa karibu kwa kumsahihisha. Mukisikia anakohoa, mujue kuna fasi imerukwa.

Tuanze na deni, juu bila kusafisha hilo maneno mengine yote yatakuwa ya bure. Mwezi wa tano kese ya chama ilitukopesha dola 300 kwa ajili ya mizunguko ya viza. Dola 200 tulirudisha wiki ile ile tuliyofika. Mia moja iliyobaki tumemkabidhi trezorie asubuhi hii mbele ya mashahidi wawili, na risiti iko. Tunajua kulikuwa na maneno kwenye kartiye: wale wazee wameenda moja kwa moja, na dola za watu zimeenda nao. Hatukukasirika. Na sisi tungesema vile vile. Ni wangapi walitoka hapa na mfuko mdogo wakisema wanaenda kusalimia, na mpaka leo wanasalimia?

Tumerudi. Lakini tusiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi kurudi. Tutafika hapo.

Wengi wenu munaijua historia yetu, lakini vijana na wafadhili hawaijui, basi tutaipita haraka. Tulivuka ziwa usiku, mwaka 1996, na watoto wanne na mtoto wa marehemu dada wa mmoja wetu. Mwaka 1997 tuliingia kambi ya Lugufu, kule Kigoma. Tulikaa miaka kumi. Mwaka 2007 tulijiandikisha kurudi, tukapanda boti ya kurudisha wakimbizi mpaka hapa Baraka. Watoto wawili wadogo tulikuja nao. Wakubwa wawili na yule mtoto wa dada walikataa. Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka 22 na mimba ya miezi mitano, na alisema hatapanda boti ya kurudi mahali alipoona yale aliyoyaona. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 wakahamishiwa Nyarugusu, na kutoka kule wakapelekwa Marekani, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo tangu 2007 tulikuwa wazazi wa simu. Miaka kumi na sita.

Mwaka huu walikusanya pesa za tiketi. Tukaondoka katikati ya mwezi wa sita, tukarudi mwisho wa mwezi wa nane. Kule wakati huo ndio majira yao ya joto, shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Hapa ni kiangazi, barabara ya Uvira iko kavu, ndiyo maana tuliweza hata kufika kwenye ndege.

Familia kumi na moja za chama hiki zilitutuma. Barua, picha, sauti kwenye simu, vitenge viwili, ndakala kavu, na mama mmoja alitupatia kamba aliyompimia mjukuu wake akiwa mtoto mchanga, ili tumpime tena sasa. Vyote vilifika. Kamba imekuja na fundo jipya, na fundo liko mbali sana na lile la zamani. Mama, utaiona mwenyewe.

Sasa, watoto wenu hawakai mji mmoja. Sisi kwanza tulidhani Marekani ni kama Kigoma, ukifika unauliza fasi Wakongo wanakaa. Binti yetu yuko Lexington, Kentucky, na kweli kule Wakongo ni wengi, unasikia Kiswahili sokoni na kwenye basi. Mdogo wake yuko Louisville, mwendo wa saa moja na nusu tu. Lakini wengi wa watoto wenu wako Des Moines, katika Iowa, na yule mtoto wa dada pamoja na familia mbili nyingine za hapa wako Boise, Idaho, upande mwingine kabisa. Kutoka Louisville mpaka Boise ni zaidi ya kilomita 3,000. Kwa ndege, watu sita, pesa haikutosha. Kwa gari ya kawaida kuna hoteli kila usiku.

Ndipo mtoto wetu wa Louisville, ambaye ni shofere wa kamio na amezoea barabara zile, akaja asubuhi moja na kitu mbele ya nyumba. Kirefu kama basi dogo, cheupe, na juu ya kichwa cha shofere kuna chumba kimejitokeza kama paji la uso.

“Mutoto, iyi ni gari ao ni nyumba?”

“Baba, ni vyote viwili. Tumeikodi siku kumi na nane.”

Wanaiita ar-vi. Sisi tulizoea kuiita gari-nyumba. Ndani kuna jiko la gesi, frigo, meza ambayo usiku inageuka kitanda, choo na bafu ndogo ambayo ukiinama kuchukua sabuni unafungua mlango kwa mgongo. Tulilala sita: sisi wawili kitanda cha nyuma, binti yetu mezani, shofere wetu kwenye kiti kirefu, na wajukuu wawili, watoto wake, kwenye lile paji la uso. Mke wake alibaki kazini, hakupata konje. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Wafadhili wetu wengi wanazijua gari hizi, lakini hapa watu watatuuliza namna inavyofanya kazi, basi tuseme. Chini yake kuna matanki matatu. Moja la maji safi. Moja linapokea maji ya jikoni na ya kuoga. La tatu linapokea ya choo. Ukifika fasi ya kulala unachomeka waya mnene kwenye mti wa umeme, unafunga tiyo kwenye robine, na nyumba imewaka. Kila siku mbili ao tatu lazima umwage yale matanki machafu, na kuna fasi maalumu ya kumwagia, shimo lenye kifuniko, linaloingia kwenye mfereji. Sheria ni kuanza na la choo, kisha la jikoni, ili maji ya sabuni yasafishe tiyo. Siku ya tatu shofere wetu alianza na la jikoni, kisha akafungua la choo na tiyo ilikuwa haijashika vizuri. Wajukuu walikimbia wakipiga kelele. Mkunga hakucheka. Alisema: “Lete glavu.” Miaka thelathini ya kuzalisha watu imemfundisha mambo makubwa zaidi ya yale.

Inakunywa esanse vibaya, lita 25 mpaka 30 kwa kilomita mia moja. Watoto waligawana gharama na tulizuiwa kuangalia risiti. Tuliziangalia usiku.

Na kitu kingine. Tulitembea zaidi ya kilomita 6,000 kwenda na kurudi, na hatukukuta barieri hata moja. Hakuna kamba barabarani, hakuna mtu anayesema “karatasi”. Tulipokuwa Lugufu mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Nne. Mmoja wetu kila tulipovuka mpaka wa jimbo alikuwa anagusa mfuko wa pasipoti. Mpaka Nebraska, wakati wa kurudi, bado alikuwa anaugusa.

Sasa neno moja lilitupatia shida ambayo watoto hawakuitegemea. Jioni ya kwanza shofere wetu aliwaambia wajukuu: “Leo tunalala kambini.” Wale wadogo wakaruka juu na chini, kambi, kambi! Sisi tulinyamaza. Binti yetu pia alinyamaza, akatuangalia kwenye kioo.

Tukafika. Kuna geti. Kuna kibanda, na ndani mtu anaandika majina yenu na hesabu ya watu. Anakupa karatasi yenye namba ya kiwanja. Viwanja viko kwa mistari, vimepewa herufi na namba. Kuna robine ya pamoja, kuna vyoo vya pamoja, kuna saa ya kunyamaza. Moshi wa kuni jioni. Watoto wanakimbia kati ya mistari na mbwa. Bandugu, tuliona kila kitu tulichokijua, isipokuwa foleni ya unga. Na hawa watu wamelipa pesa ili kukaa pale. Usiku ule mkunga hakulala, na mwalimu alijifanya amelala.

Asubuhi mjukuu mdogo, ana miaka saba, akauliza kwa nini bibi hakufurahi kambini. Kiswahili chake ni kidogo, lakini swali lile aliliuliza kwa Kiswahili. Binti yetu ndiye aliyejibu. Alimkalisha kwenye ngazi ya gari-nyumba na kumueleza Lugufu: nyumba ya matofali ya udongo yenye shitingi juu, kadi ya chakula, siku ya maharagwe yenye wadudu, mwalimu aliyefundisha masomo ya Kongo kwa Kifaransa katikati ya Tanzania ili watoto wasipotee. Mwalimu huyo ndiye ameshika karatasi hii. Hatukujua kama anakumbuka. Kwenye simu, miaka kumi na sita, hakuwahi kutaja Lugufu hata mara moja, na sisi tulidhani amekasirika na sisi. Alikuwa amekasirika, hilo ni kweli pia.

Des Moines tulikaa siku tatu, gari-nyumba imepaki kwenye uwanja wa nyumba ya mmoja wa watoto wenu, na watu wakaja usiku na mchana. Tunasema usiku kwa sababu. Mmoja anatoka kazini saa sita za usiku, mwingine anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama ao kwenye madepo makubwa ya vitu. Wa kiwandani wanasimama kwenye baridi ya frigo saa nane ao kumi, kisu mkononi, na nyama inapita mbele yao bila kusimama. Tuliona mikono. Mkunga aliwashika mikono wote, mmoja mmoja, kama anasalimia, lakini alikuwa anaangalia vidole. Kijana mmoja hawezi tena kufunga ngumi ya mkono wa kuume.

Tukawauliza kwa upole lile swali mulilotuagiza: kwa nini mchango wa kese umepungua? Kwa nini mwaka wa kwanza munatuma kila mwezi, mwaka wa tatu hata simu hamushiki?

Tuwaambie walivyojibu, na musikate maneno mpaka tumalize.

Kwanza, ile ndege iliyowapeleka haikuwa ya bure. Tiketi wanapewa kama mkopo, na baada ya miezi michache wanaanza kuulipa kidogo kidogo kila mwezi, familia ya watu saba tiketi saba. Msaada wa kuwapokea ni wa miezi ya kwanza tu, kisha kila mtu anajitegemea. Nyumba, familia moja ilituonyesha karatasi, dola 1,300 kwa mwezi, na vyumba ni viwili. Bila gari hufiki kazini, na gari ina bima yake. Mtoto akianguka mgonjwa, bili inakuja nyumbani kwa posta wakati yeye amekwisha kupona na kusahau. Tuliwaona wakihesabu. Hawadanganyi.

Pili, walisema, na hapa ndipo tunaomba uvumilivu, hawajui pesa inaenda wapi. Mmoja alisema hivi: “Nilituma dola 50 kwa mazishi ya mama mkubwa. Mwaka mmoja baadaye nikasikia sanduku lilikopwa na bado linadaiwa.” Hatutaki kujua hapa nani alikuwa kwenye komite wakati ule. Lakini yule kijana alikuwa analia, na siyo kwa ajili ya dola 50.

Sasa kuna jambo letu wenyewe, lazima tulikiri mbele ya wote juu tumelifanya kwa jina la chama.

Mzee mmoja kati yenu alitupatia ujumbe mkali kwa mtoto wake. Ulikuwa wa sauti, dakika nne. Hatutasema jina, anajijua, na tumemuomba ruhusa jana jioni ya kulisema bila jina. Ujumbe ulisema: kama hautumi pesa ya mabati mbele ya mvua, usiniite tena baba. Tulimkuta kijana huyo kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu wengine. Alikuwa amepasuliwa mgongo miezi miwili iliyopita, hajarudi kazini, hajawaambia kwao. Kitandani pembeni yake kulikuwa na picha ya baba yake, ile ya siku ya kurudi, amesimama bandarini na ndoo kichwani. Alipotuona alianza kuomba msamaha mbele hatujafungua mdomo.

Tuliangaliana. Mwalimu alikuwa na simu mkononi. Hatukupiga sauti ile. Tulimwambia: baba yako anakusalimu, anauliza kama uko mzima. Basi.

Tulibadilisha maneno ya mtu mzima aliyetuamini. Kwa desturi yetu mjumbe haongezi wala hapunguzi. Tulijadiliana njia nzima, kutoka Iowa mpaka South Dakota. Mmoja wetu anasema tulifanya vizuri. Mwingine anasema tulipaswa kumpigia mzee simu usiku ule ule na kumuacha achague mwenyewe. Mpaka leo hatujakubaliana, na tumeona heri musikie hivyo, pasipo kupakwa mafuta. Mzee alipoambiwa jana alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: mgongo unaendelea namna gani?

Tupumzike kidogo kwa mambo ya barabara.

South Dakota kuna nchi inaitwa Badlands, vilima vya udongo vyenye mistari kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi, na hakuna mti. Gurudumu la nyuma lilipasuka karibu na pale, jua kali. Gari mbili zilitupita. Ya tatu ilikuwa gari-nyumba kubwa kuliko yetu, ikasimama, wakashuka mzee na bibi wa kizungu, wa umri wetu. Mzee alikuwa na jeki, na nguvu kidogo ya kuitumia. Shofere wetu akamaliza kazi. Wakatualika kivulini, wakatupa maji ya barafu.

Walistaafu wote wawili, yeye alikuwa mwalimu wa mahesabu, bibi alifanya kazi ya posta. Waliuza nyumba yao na sasa wanakaa ndani ya gari-nyumba mwaka mzima. Wana watoto wanne katika majimbo manne. Wanaenda kwa mmoja wiki tatu, wanapaki uani, kisha wanaondoka mbele hawajachokwa, bibi alisema. Binti yetu alikuwa anatafsiri. Bibi akatuuliza, na sisi tumeanza lini maisha ya kambi? Binti yetu alisita. Mkunga akamwambia, tafsiri tu. Tukasema: 1997, miaka kumi, mahali pamoja, bila magurudumu.

Yule mzee aliweka glasi chini. Hakusema pole, alisema kitu kingine ambacho tumekifikiria sana. Alisema watoto wake wangeweza kukaa karibu, hakuna aliyewafukuza, hakuna vita, waliondoka tu kwa kazi, na kwa hiyo hana mtu wa kulaumu. Hatukujua kama tumhurumie. Tulimpa ndakala. Alizila zote kavu, na vichwa.

Yellowstone ni bustani ya wanyama, ya tangu mwaka 1872, na wanasema ni ya kwanza duniani ya aina yake. Mwalimu hakukosa kuwafundisha wajukuu kwamba ya kwanza Afrika ni Virunga, mwaka 1925, na iko kwetu Kongo. Pale kuna maji yanayochemka chini ya ardhi. Chemchemi moja inaruka juu kama mara moja kila dakika tisini, na watu wamekaa kwenye mabenchi wanaingoja na saa mkononi, sawa sisi tunavyongoja boti ya Kigoma, isipokuwa yao inakuja. Nyati wao ana manyoya na anapita barabarani bila haraka. Kuna ziwa zuri pia, juu zaidi ya mita 2,300, baridi hata mwezi wa saba. Mjukuu akauliza kama Tanganyika ni kubwa kuliko lile. Mwalimu akamwambia urefu wake ni karibu kilomita 670 na kina chake kinapita mita 1,400, na kwamba yeye, huyu mtoto, watu wake wote wametoka pembeni ya maji hayo. Mtoto akasema: “Basi kwa nini tulitoka?” Mwalimu wa miaka thelathini na tano, hakupata jibu.

Ni pale, karibu na lile ziwa, usiku, wengine wamelala, binti yetu alitutoa nje akawasha moto. Tulijua linakuja.

Alisema hivi, tunalikumbuka neno kwa neno: “Mwaka 2007 ninyi mulipanda boti, mimi nikabaki nimesimama. Nilizaa bila mama yangu, na mama yangu ni mkunga. Sasa niko na nyumba, kuna chumba chenu. Musipande tena.”

Tulikaa. Moto ukapungua, hakuna aliyeongeza kuni.

Tungeweza kuwaambia kwamba tulimjibu kwa ajili ya chama, ao kwa ajili ya nchi. Siyo kweli. Mkunga alisema: tuko na watoto wawili wengine kule Baraka, tulipanda nao boti wakiwa wadogo, hawakuchagua, hatuwezi sasa kuwaambia kwamba boti ilikuwa kosa. Akasema pia, hapa nitakuwa mtu wa kungoja watu watoke kazini. Binti yetu akasema: “Kule munangoja nini?” Hakuna aliyemjibu.

Mkunga aliomba kitu kimoja: kwamba amueleze mzao ule wa Nyarugusu, mwanzo mpaka mwisho, kama angekuwa pale. Mtoto wa kwanza alizaliwa Lugufu mwaka 2007; wa pili Nyarugusu, ndiye aliyekuwa mgumu. Alieleza mpaka alfajiri. Mkunga aliuliza maswali ya kazi, damu ilikuwa kiasi gani, nani alishika mgongo, kondo lilitoka baada ya muda gani. Mwalimu aliondoka akaenda kulala, hayo siyo ya masikio yake.

Boise tulikaa siku nne kwa yule mtoto wa dada. Ana bustani nyuma ya nyumba, lenga-lenga zimefika kiunoni. Anawauzia Wakongo na pia wazungu, Jumamosi. Familia nyingine mbili wako wazima, picha ziko kwa sekretere. Kurudi tulipita Nebraska siku mbili, mahindi kuume, mahindi kushoto, na gari-nyumba ikarudishwa kwa wenyewe ikiwa na kiraka kimoja ambacho shofere wetu alikilipia.

Uwanja wa ndege binti yetu hakulia. Alituomba tumpigie simu tukifika Uvira, tukifika Baraka, na tukifungua mlango. Tulipiga mara tatu.

Sasa pendekezo la watoto, na hapa komite iandike. Siku ya mwisho Louisville walikutana kwa simu, watu wa miji minne, saa tatu nzima. Wanakubali kuchangia tena: dola 10 kwa mwezi kwa kila nyumba, na nyumba zilizokubali ni kumi na nne. Pesa ni ya wagonjwa na ya mazishi peke yake. Kwa upande wao wanaomba mambo mawili. Kila miezi mitatu wapate hesabu, na picha za risiti. Na ujumbe wa kuomba pesa upite kwa komite, usipite tena kwa sauti za usiku za kila mzazi.

Tunajua la pili litawauma wengine. Mtoto ni wangu, komite inaingia kwa nini? Na sisi tulikuwa tunatuma zile sauti za usiku. Binti yetu ametuonyesha, amezihifadhi zote kwenye simu yake. Tulizisikiliza mbili, tukamuomba azime.

Mujadili, mupige kura, tutawapelekea jibu lolote, na safari hii hatutabadilisha neno.

Kikao kikiisha, wenye barua na picha waje hapa mezani, tumezipanga kwa majina. Mama wa kamba, aje wa kwanza. Na wewe mzee, tunakuomba ubaki nyuma mpaka wengine watoke. Kijana ametuma sauti yake, dakika saba, na hatujaifungua.